Lori la Korane Juu ya Mawe

Korane Billow alikuwa na lori moja, Bedford ya kijani iliyopauka, na hakuna mtu Garissa aliyejua kuchagua mzigo kama yeye. Wenzake walipoitwa na mfanyabiashara, swali lao la kwanza lilikuwa malipo. Korane aliuliza jambo jingine: "Na huko niendako, nitarudi na nini?" Aliyemwita alicheka, lakini Korane hakuwa akitania. Lori linalopanda Wajir limejaa na kushuka tupu limekula njiani kila kilicholipwa. Alilijua hilo kabla hajajua kusoma, na kusoma alijifunza ukubwani.

Kwa hiyo kila safari aliipanga kutoka nyuma kuja mbele. Kama Habaswein kulikuwa na ngozi kavu zikingoja, safari iliyofuata hiyo hakupanda na sukari, kwa sababu harufu ya ngozi haitoki mbaoni kwa kumwagiwa maji mara moja, na sukari inayonuka ngozi hakuna anayeitia kwenye chai. Alipanda na misumari, mabati na magunia ya chumvi. Kama alijua kuna samli ya kushuka nayo, alipakia nguo na majani ya chai. Mwezi wa Ramadhani ulipokaribia, alianza kutafuta tende majuma sita kabla, wenzake wakiwa bado hawajaota tende. Mzigo mzito aliukataa mvua inaponyesha, hata ulipe vipi, kwa maana laga, ile mito mikavu ya mchanga, humeza lori lote mpaka ekseli.

Kuhusu mifugo alikuwa na sharti moja. Sokoni Garissa, tangu zamani, mnyama hauzwi bila mdhamini. Muuzaji huja na mtu anayejulikana, naye husema mbele ya dalali: mnyama huyu namjua, ni wake, hakuibwa. Anayenunua au kuuza bila mdhamini huhesabiwa pamoja na mwizi. Sharti hilo lilikuwa la soko tu. Korane alilipandisha kwenye lori. Hakuna mbuzi aliyekanyaga mbao za Bedford ile kabla mwenyewe hajamwekea mkono mgongoni na kutamka kwamba ameridhia, na mtu wa pili kumshuhudia.

"Wewe ni dereva au kadhi?" Kulow, mpakizi wake wa miaka mingi, alikuwa akimuuliza. Kulow alikuwa mtu mnene, mwenye kukereka haraka, na kupakia mbuzi tisini kwa mtindo huo kulimchosha.

"Mimi ni mwenye lori," Korane alijibu. "Mwizi hana lori. Akiiba, anahitaji langu."

Kisha vita vikaja. Wengine waliviita vita vya kujitenga na Kenya, na wengine waliviita vita vya shifta, yaani majambazi, lakini barabara haikujali jina. Malori yalianza kusafiri kwa misafara, askari mbele na askari nyuma, na hakuna aliyevuka kizuizi bila kibali chenye mhuri.

Lazima niseme hapa, maana wako watakaodhani Korane alikuwa na ujasiri mbele ya serikali tu. Mwaka wa pili wa vita, karibu na Modogashe, msafara ulipokuwa umekatika kwa sababu ya pancha, walimtokea watu wanne wenye bunduki mchana kweupe, na masanduku mawili yaliyofungwa kwa ngozi. Walitaka yafike Garissa chini ya magunia yake. Korane aliwauliza mdhamini wa masanduku yale ni nani. Walimwambia ni ukombozi wa Wasomali. Akawaambia ukombozi na uje wenyewe uyawekee mkono. Hawakumuua, Mungu anajua kwa nini. Walilichoma turubai lake, wakaenda zao. Alilishona kiraka tundu lile, kubwa kama sinia, na kiraka kile kilikuwapo hadi mwisho.

Sasa, mwaka wa 1966 ukielekea ukingoni, ikatoka amri ya vijiji. Wafugaji walitakiwa wakae pamoja, ndani ya mpaka, karibu na kambi. Mifugo iliyokutwa nje ya mpaka ilichukuliwa, ikakusanywa Modogashe, iletwe Garissa na kuvushwa daraja kwenda kuuzwa mnadani ng'ambo ya mto. Kazi ya kuileta ilihitaji malori, na iliyapata. Zabuni aliipata Keynan, mfanyabiashara mwenye duka la mbele kabisa sokoni na malori mawili. Keynan alikuwa kaka yake Sirad, mkewe Korane.

Malori mawili hayakutosha. Keynan akamleta Korane ofisini kwa afisa wa vibali, mtu wa bara, kijana mwenye mwandiko mzuri na subira fupi.

"Shemeji," Keynan alimwambia wakiwa bado mlangoni, "umekuwa ukisema lori lisirudi tupu. Haya, huu mzigo wa kurudi nao. Unapanda na unga wa serikali, unashuka na mbuzi wa serikali. Malipo mara tatu. Mafuta juu yao. Hata wewe hujawahi kuchagua mzigo kama huu."

Ni kweli, hakuwahi. Korane alisimama akaupima kichwani jinsi alivyopima kila mzigo, na katika kila kipimo ulishinda. Ulikuwa umejaa kupanda na umejaa kushuka, una ulinzi wa askari, na mwenye kulipa hakimbii. Mtu mwingine angeona hapo mlango wa riziki uliofunguliwa na Mungu mwenyewe. Ndivyo mioyo dhaifu hufanya: huibandika tamaa yao jina la Mungu.

Kiswahili cha Korane kilikuwa cha sokoni, nacho alikitumia bila haya.

"Mimi hapana kataa kazi," alimwambia afisa. "Mimi nauliza tu. Hii mbuzi, mdhamini yake nani?"

"Mdhamini?"

"Mtu anasema, hii mbuzi najua, hii mbuzi si ya wizi."

Afisa alimtazama Keynan, Keynan akatazama dari.

"Ni mali iliyochukuliwa kwa amri," afisa alisema. "Mdhamini ni serikali."

"Sawa. Serikali ikuje Modogashe, iweke mkono kwa mgongo ya mbuzi moja moja, iseme, hii yangu. Mimi napakia."

Karani aliyekuwa pembeni alikohoa ili asicheke. Afisa hakucheka. Alinyoosha mkono akaomba kibali cha Korane kama anayetaka kukisoma, akakiweka kwenye droo, akaifunga.

"Utakapokuwa tayari kubeba kile unachoambiwa ubebe, utakikuta hapa."

"Na mimi," Korane alisema, "utanikuta nyumbani."

Njiani Keynan alimshika bega. "Umerukwa na akili? Wale mbuzi watabebwa tu, ukibeba wewe au nikibeba mimi. Mbuzi atajua tofauti?"

"Mbuzi hatajua," Korane alisema. "Mimi nitajua. Tena nisikilize, Keynan. Mzigo huu hauna mwaka wa pili. Ukishawaleta mbuzi wa watu wote wa Modogashe, mwakani utakwenda Modogashe kupakia nini, na nani atakupakilia?"

"Mwakani ni mbali," Keynan alijibu, akaingia dukani.

Siku iliyofuata, uvumi ulimfikia Kulow hotelini: malori yasiyo na kibali yatachukuliwa kwa kazi ile ile, madereva wengine watawekwa. Korane hakupiga kelele. Yeye na Kulow waliinua Bedford kwa jeki, kona baada ya kona, wakaipandisha juu ya mawe, wakafungua magurudumu yote sita na lile la akiba. Sirad aliyapokea mlangoni na kuyaingiza ndani akiyaviringisha. Mawili yakawa miguu ya kitanda, matatu yakapangwa ukutani, na mawili yakatandikwa mikeka yakawa viti vya wageni.

Siku ya tatu alikuja askari wa kuchukua lori. Alilizunguka, akainama, akapiga mluzi. Sirad akamkaribisha chai, naye akaketi kwenye kiti alichoonyeshwa.

"Mzee, lori lina shida gani?"

"Halina magurudumu," Korane alisema.

"Hilo naliona. Yako wapi?"

"Afisa alichukua kibali changu akakiweka mahali pake. Mimi nimechukua magurudumu nikayaweka mahali pangu. Kila mtu ana chake."

Askari alishusha kikombe. Aliupapasa mkeka aliokalia, akahisi mpira chini yake. Alikuwa mtu mzima, huenda na yeye alikuwa na mbuzi kwao. Alimaliza chai yake, akaandika kwenye daftari kwamba lori ni bovu, akaaga vizuri.

Ikabaki njaa. Korane alinunua punda wawili wenye matandiko ya madebe, akaanza kubeba maji kutoka mto Tana hadi mjini. Mtu aliyezoea kukaa juu, akitazama barabara kupitia kioo, sasa alitembea nyuma ya mikia. Watoto walimfuata wakiiga honi. Keynan naye, akipita na lori lake lililojaa mbuzi wakilia, alipunguza mwendo.

"Waryaa, Korane! Bedford yako siku hizi inakula nyasi?"

"Inakula," Korane alijibu bila kusimama. "Na mavi yake ni safi kuliko mzigo wako."

Hata kwa punda hakuacha tabia yake. Juma la kwanza liliisha akaona kwamba punda wanapanda na maji lakini wanashuka mtoni tupu. Jambo hilo lilimkera kuliko dhihaka za Keynan. Akaenda kwenye hoteli mbili kubwa, akachukua nguo na shuka chafu za kupeleka kwa wafuaji wa mtoni. Kuanzia hapo punda walishuka na shuka, wakapanda na maji. Sirad alicheka mpaka akaketi chini. "Wallahi," alisema, "ukifa tutakuzika, na malaika utawauliza watarudi na nini."

Miezi mitatu ilipita hivyo. Kulow alipata kazi kwa Keynan akaikataa, akarudi kulalamika kwa Korane kwamba ameikataa, kana kwamba Korane ndiye aliyemlazimisha. Na kila alfajiri Korane alilipitia lori lake, akakifuta vumbi kioo chake, akaenda mtoni.

Kisha Rahmo akaja mjini. Huyu alikuwa mama yake Sirad na Keynan, mwanamke mrefu, mkavu, aliyefunga shuka lake la kahawia kwa fundo begani, na ambaye maisha yake yote hakuwahi kulala chini ya bati. Alikuwa ametembea siku tisa pamoja na wanawake wawili wa kwao, mkononi ana fimbo yake ya panda na kibuyu kitupu. Mbuzi wake wote walikutwa kwenye kisima nje ya mpaka, wakachukuliwa. Alikuja kuwatafuta.

Hakuanzia kwa mwanawe wala kwa bintiye. Alianzia sokoni, kama mtu yeyote aliyeibiwa mnyama. Alikuta mbuzi wachache ambao hawakuvushwa ng'ambo, wamefungwa kwa mchinjaji, na kati yao mmoja mweupe mwenye kichwa cheusi. Rahmo alimshika sikio la kushoto. Lilikuwa limepasuliwa mara mbili na kukatwa ncha. Akamwendea dalali.

"Mdhamini wake nani?"

Dalali alijifanya anahesabu kamba.

"Nakuuliza wewe. Nani alimdhamini?"

"Hakuwa na mdhamini, eeddo," dalali alisema, akitumia neno la kumheshimu shangazi.

"Nani alimbeba?"

"Lori la Keynan."

"Keynan yupi?"

Dalali aliziweka kamba chini. Watu walikuwa wameanza kusogea.

"Keynan wako, eeddo," alisema hatimaye.

Rahmo alimfungua yule mbuzi, na mchinjaji hakuthubutu kumzuia. Alimkokota kupita katikati ya soko mpaka kizingitini mwa duka la mwanawe. Keynan alitoka mbio, mikono mbele.

"Mama! Karibu, mama! Umekuja na nani? Leteni maji! Leteni maji upesi!"

Rahmo hakuingia. "Soma," alisema, akimnyooshea sikio la mbuzi.

"Mama, ingia kwanza."

"Soma. Umesoma barua za Wazungu na za Wahindi. Soma na hili."

Keynan alilitazama sikio. Alikuwa amekuja mjini akiwa na miaka saba, na tangu hapo mbuzi kwake walikuwa idadi. Alikuwa amepakia masikio elfu moja, na hakujua kulisoma hata moja.

"Ni sikio tu, mama," alisema kwa sauti ndogo.

"Wewe nilikuzaa mimi. Sikio hili nililikata mimi. Alama zangu ni hizo mbili, na moja imeipakia nyingine kwenye lori."

Maji yalikuwa yamefika, kwenye bakuli la bati. Keynan aliyashika kwa mikono miwili akampa. Mwanamke aliyetembea siku tisa aliyatazama yale maji, na soko lote likamtazama yeye. Akageuka, akaenda kwa bintiye, mbuzi nyuma yake.

Hakumlaani. Lakini mama aliyekataa maji ya mwanawe mbele ya watu hahitaji kuongeza neno. Nami siwaonei huruma wanaosema Keynan hakujua. Njia ya kujua ilikuwapo, ni swali moja, na shemeji yake aliliuliza mbele yake.

Jioni ile Korane aliporudi na punda, alimkuta mama mkwe amekalia gurudumu la nyuma la kushoto, akinywa maziwa.

"Wameniambia uliwakataa mbuzi wangu," Rahmo alisema. "Ulinifanyia heshima."

"Sikujua ni wako, eeddo," Korane alisema, macho chini. "Na kama ningejua, ningekataa vile vile, wala si zaidi."

Rahmo alimtazama. "Maneno yako hayana sukari," alisema. "Sirad, mwongezee maziwa."

Habari ilipanda barabarani bila kibali. Ilifika Modogashe, ikafika Habaswein, ikafika Wajir. Na mifugo ya kuchukuliwa ilipokwisha, kwa sababu kila kitu cha namna hiyo hukwisha, Keynan alipeleka malori yake kutafuta mizigo ya kawaida. Yalipanda yamejaa. Modogashe aliomba ngozi, akaambiwa bado hazijakauka. Habaswein aliomba samli, akaambiwa samli imeahidiwa. Wapakizi walikuwa na homa. Malori yalishuka tupu, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, yakipiga kelele kama madebe. Safari ya nne hayakwenda. Wajir ikaanza kukosa unga na sukari, wenye maduka wakalalamika kwa maandishi, na barua, yenye majina yao yote chini yake, ilitaja dereva mmoja waliyemtaka.

Afisa alimwita Korane. Droo ilifunguliwa, kibali kikawekwa mezani.

"Unga na sukari, Wajir," afisa alisema. "Msafara unaondoka kesho kutwa. Na ukirudi, kuna mbuzi wengine kidogo wa amri, wamekutwa juzi, pale Modogashe, utapitia."

Korane alikigusa kibali kwa kidole kimoja, akakisukuma kurudi upande wa pili wa meza.

"Weka tena kwa droo," alisema. "Punda yangu hana kibali, na anafanya kazi."

"Bwana Korane, mimi nakurudishia riziki yako!"

"Hapana. Riziki yangu iko kwa Mungu. Kwako iko karatasi tu."

Nje, karani alikuwa anapokea barua nyingine kutoka Wajir. Afisa alivuta pumzi, akachukua kalamu, akaandika juu ya kibali: unga na sukari kupanda, mizigo ya raia kushuka. Akapiga mhuri kwa nguvu iliyotikisa wino.

"Toka," alisema.

Siku ya kuondoka, magurudumu yalitolewa nje moja moja, Kulow akilalamika kwa kila nati. La mwisho lilikuwa chini ya Rahmo, naye hakuharakisha kuinuka. Bedford ilishuka kutoka juu ya mawe, ikakaa ardhini kwa kishindo kizuri, turubai lenye kiraka likafungwa.

Hapo ndipo Keynan alipokuja, amesimamia mkokoteni wa magunia ishirini ya sukari. Alikuwa amekonda. Hakumtazama mama yake.

"Shemeji," alisema, "nina sukari ya Modogashe. Nimeilipia, nina karatasi zake. Nichukulie. Na mimi nitapanda pamoja nayo, nikaongee na watu."

Korane alifuta mikono kwa tambara. Lori lilikuwa na nafasi ya magunia ishirini, wala si zaidi ya hapo, na mwenye mzigo alikuwa tayari kulipa bei yoyote.

"Mdhamini wako nani?" aliuliza.

Keynan alimtazama Kulow, kisha Sirad. Kulow aliacha kulalamika. Sirad alisimama mlangoni, mkono kwenye shavu. Rahmo alikuwa amekalia jiwe moja kati ya yale yaliyobeba lori, fimbo yake magotini, mbuzi mweupe mwenye kichwa cheusi akitafuna kando yake.

"Sukari haikumkosea mtu," alisema Rahmo. "Pakieni sukari. Yeye asipande. Modogashe aende kwa miguu, kama nilivyokuja mimi. Akifika, atajua la kuwaambia."

Korane alishusha ubao wa nyuma, akamwita Kulow. Magunia yalipanda, moja baada ya jingine, mpaka ishirini. Msafara ulipopiga honi, Keynan alikuwa ameshavua viatu vyake vya mjini, amesimama ukingoni mwa barabara, anatazama upande wa Modogashe.